Kufika kwa Wakati Mmoja: Kikosi Kikuu cha Pili cha Jeshi la Vietnam

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya wazee wastaafu na wanafunzi wa historia. Mvua iliwazuia wengi, wakaniomba niiweke hapa. Naiweka yote, kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu wa mstari wa mbele, shikamooni. Kina mama, habari za mvua? Vijana mliobanana kule nyuma, hamjambo?

Nianze na swali jepesi. Nani humu ana laini ya Halotel? Nyoosheni mikono, msione haya. Naam, mikono si haba. Halotel ni ya kampuni ya Viettel, na Viettel ni mali ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Kwa hiyo ukinunua bando tu, umeshafanya biashara na jeshi la Vietnam. Mlidhani nimekuja kuwazungumzia watu wa mbali!

Leo nataka tuliangalie jeshi hilo kupitia mlango mmoja tu, Kikosi Kikuu cha Pili, chenye jina la heshima Hương Giang, yaani Mto wa Manukato, mto unaopita katikati ya mji wa Huế. Wenyewe kikosi cha namna hiyo wanakiita quân đoàn. Wazee mliovaa gwanda mnazijua ngazi: seksheni, platuni, kombania, batalioni, brigedi, divisheni. Quân đoàn iko juu ya divisheni. Ni divisheni kadhaa zilizowekwa pamoja na vifaru, mizinga, wahandisi na watu wa mawasiliano, zote chini ya kamanda mmoja. Nitaiita kikosi kikuu, na mnisamehe, maana najua kwetu "kikosi" ni kitu kidogo kuliko hicho.

Sasa sikilizeni swali lililonileta. Jeshi hili lilizaliwa tarehe 22 Desemba 1944, msituni, likiwa na watu 34, watatu kati yao wanawake, chini ya mwalimu wa historia aitwaye Võ Nguyên Giáp. Mwalimu wa historia, vijana! Divisheni yake ya kwanza, ya 308, iliundwa 1949. Kwa divisheni wakawashinda Wafaransa Điện Biên Phủ mwaka 1954. Kwa divisheni wakapambana na Wamarekani. Karibu miaka 30 hawakuwa na kikosi kikuu cha kudumu hata kimoja. Halafu ghafla, kati ya Oktoba 1973 na Machi 1975, miezi 17 tu, wakaunda vinne. Kwa nini? Walikuwa wamejifunza nini?

Walijifunza kwa maumivu. Kumbukeni, wakati huo Vietnam zilikuwa mbili: Kaskazini, makao yake Hanoi, ndiyo yenye jeshi letu hili; na Kusini, makao yake Saigon, iliyosaidiwa na Wamarekani. Nendeni nami An Lộc, mji mdogo kaskazini mwa Saigon, mwendo wa kilomita mia hivi. Aprili 1972. Jeshi la Kaskazini limeleta vifaru, na kwa wengi waliokuwa mle mjini ilikuwa mara ya kwanza kuviona kwa macho. Vinaingia mjini vikinguruma. Mlinzi yeyote angekimbia, na kweli mwanzoni baadhi walikimbia. Lakini mtu mmoja akatazama nyuma ya kifaru, akaona nini? Hakuna askari wa miguu. Kifaru kimekuja peke yake. Kimeingia mtaani kama basi lililopotea njia, kinageuza mzinga huku na huku, hakijui adui yuko dirisha gani. Walinzi wakachukua roketi za begani, wakajibanza kwenye vifusi, wakavichoma kimoja baada ya kingine.

Makosa yalikuwa ya nani? Si ya dereva. Askari wa miguu walikuwa na mkubwa wao, vifaru vina mkubwa wao, mizinga ina mkubwa wao, na wakubwa hao hawakuwa wamekaa meza moja vya kutosha. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri, kwa saa yake. Na vita haitaki kila mtu kwa saa yake.

Mnaonipikia shughuli mnanielewa. Wali umeiva saa sita, nyama imeiva saa tisa, sahani zimefika saa kumi na moja. Kuna mpishi mbaya hapo? Hakuna. Na wageni wamelala njaa.

Basi mkataba wa Paris wa kusimamisha vita ukasainiwa Januari 1973, Wamarekani wakaondoa askari wao, na Hanoi wakapata nafasi ya kukaa na kujipanga. Kikosi Kikuu cha Kwanza kikaundwa tarehe 24 Oktoba 1973 huko Ninh Bình, kaskazini. Cha Pili kikafuata tarehe 17 Mei 1974, katika mkoa wa Thừa Thiên, karibu kabisa na adui. Cha Nne kikaundwa Julai 1974 upande wa kusini. Cha Tatu, ajabu, kikaja mwisho, tarehe 26 Machi 1975, katika nyanda za juu, wakati mashambulizi yenyewe yameshaanza. Namba zao hazifuati kalenda, msihangaike nazo.

Ndani ya hicho cha Pili kulikuwa na nini? Divisheni tatu za askari wa miguu: ya 304, ya 324 na ya 325. Kila divisheni ilisimama juu ya rejimenti tatu za miguu. Ya 304, kwa mfano, ilikuwa na rejimenti za 9, 24 na 66. Hiyo ya 66 mniwekee akilini, itarudi. Kisha divisheni ya kuzuia ndege. Kisha Brigedi ya 203 ya vifaru, Brigedi ya 164 ya mizinga, Brigedi ya 219 ya wahandisi wa medani, na Rejimenti ya 463 ya mawasiliano. Na kila ngazi ilikuwa na watu wawili juu: kamanda na kamisaa wa siasa. Kamanda anajua vita, kamisaa anashika chama na mioyo ya watu, na amri kubwa hazitoki bila wote wawili. Mtauliza, hawagombani? Binadamu hawakosi kugombana. Lakini nitawaonyesha siku ambayo kamisaa alifanya kazi ambayo kamanda yeyote angeitamani.

Kabla ya hapo, kikosi kikuu hiki changa kilipimwa. Thượng Đức ni makao ya wilaya yaliyowekwa ngome, yako milimani kusini-magharibi mwa Đà Nẵng. Divisheni ya 304 ililishambulia tarehe 29 Julai 1974, shambulio likakwama. Askari walifika kwenye seng'enge wakarudishwa. Wakasimamisha kazi, wakakaa chini, wakaulizana. Jibu lililotoka halikuwa kuongeza watu. Waliburuta mizinga ya milimita 85 hadi mlimani, wakaiweka mahali ambapo mpigaji anaiona shabaha kwa macho yake badala ya kupiga kwa hesabu kutoka mbali. Fikirieni chuma hicho kikipanda mlima kwa kamba na mabega, usiku, kwenye utelezi wa matope. Tarehe 7 Agosti Thượng Đức ikaanguka.

Siku mbili baadaye, Agosti 9, Rais Nixon akaachia madaraka kule Washington. Sisemi kijiji kile kilimwangusha Nixon, msije mkanisingizia. Nasema Hanoi walikuwa wakitazama angani kuona kama B-52, ndege kubwa za mabomu za Wamarekani, zitarudi, na hazikurudi. Lakini Saigon nao hawakulala. Walipeleka divisheni yao ya askari wa miamvuli, watu hodari, na vilima vya pale, hasa kile cha mita 1062, vikanywa damu ya pande zote kwa miezi. Nalisema hili kwa sababu hadithi za ushindi hupenda kuruka makaburi. Waliokuwa upande wa pili wa kilima walikuwa Wavietnam vilevile, wana wa mama wa lugha ileile.

Haya, tuingie 1975. Huế ilitwaliwa kati ya tarehe 25 na 26 Machi, Đà Nẵng tarehe 29. Jeshi la Saigon lililokuwa kaskazini lilisambaratika kwa kasi ambayo hata Hanoi hawakuitegemea. Kamanda wa Kikosi Kikuu cha Pili wakati huo ni Nguyễn Hữu An. Mtu huyu mwaka 1954 aliongoza Rejimenti ya 174 kwenye kilima A1 pale Điện Biên Phủ, kilima ambacho wahandisi walichimba handaki chini yake wakajaza karibu tani moja ya baruti. Mwaka 1965 alikuwa bonde la Ia Đrăng dhidi ya askari wa helikopta wa Kimarekani. Kwa hiyo mnajua ni mzee wa namna gani.

Tatizo lake sasa si adui. Tatizo lake ni barabara. Yuko Đà Nẵng, Saigon iko mbali karibu kilomita 900. Hiyo ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Ana watu zaidi ya 30,000 wa kusafirisha, magari zaidi ya 2,000, vifaru, mizinga, na barabara kuu namba 1 inayofuata pwani, yenye madaraja yaliyovunjwa na miji ambayo bado iko mikononi mwa adui. Na mvua za masika ya kule zinakaribia. Zikishaanza, vifaru havitoki.

Tarehe 7 Aprili asubuhi Giáp akatuma simu ya maandishi ambayo watoto wa shule Vietnam wanaijua mpaka leo. Kwa Kiswahili changu inasema: Kasi, kasi zaidi. Thubutu, thubutu zaidi. Tumieni kila saa, kila dakika, mkimbilie medani, mkaikomboe Kusini. Mmesikia? Hakuna mahali pameandikwa "piganeni kwa ushujaa". Imeandikwa saa. Imeandikwa dakika.

Nina mjomba wangu, marehemu sasa, alikuwa dereva wa lori. Mwaka 1979 lori lake lilichukuliwa kwenda vita vya Kagera, naye akaenda nalo. Tulipokuwa watoto tulimzunguka atusimulie mapigano, akawa anatusimulia pancha. Siku moja mdogo wangu akamuuliza, "Mjomba, wewe uliua maadui wangapi?" Akafikiri, akasema, "Mimi niliua springi tatu na rejeta moja." Tulicheka sana. Nilipokuja kusoma habari za safari hii ya Aprili 1975 ndipo nikamwelewa mjomba. Wahandisi wa Brigedi ya 219 walikuwa wakifunga daraja huku msafara umesimama nyuma yao, injini zinaunguruma, kila dereva anajua kwamba akisimama saa moja basi wote nyuma yake wamesimama saa moja. Walitumia magari waliyoyateka, mafuta waliyoyateka, mizinga waliyoiteka. Ndege za Saigon zikiwapiga kutoka uwanja wa Phan Rang. Walipofika Phan Rang, tarehe 16 Aprili, wakaichukua kwa shambulio lililoanza barabarani, karibu bila kushuka kwenye magari, wakawateka majenerali wawili. Siku chache baadaye Phan Thiết nayo. Divisheni ya 324 ilibaki nyuma kulinda Huế na Đà Nẵng, na Divisheni ya 3 ya mkoa wa tano wa kijeshi ikaungana nao njiani.

Siku 18. Kutoka Đà Nẵng mpaka misitu ya mpira mashariki ya Saigon, siku 18.

Mpango wa mwisho ulikuwa na mikono mitano kuzunguka jiji: Kikosi Kikuu cha Kwanza kutoka kaskazini, cha Tatu kaskazini-magharibi, kundi lililoitwa 232 kutoka magharibi, cha Nne na cha Pili kutoka mashariki. Cha Nne kilikuwa kimetoka kuvuja damu siku 12 pale Xuân Lộc. Cha Pili kilianza tarehe 26 Aprili jioni, kikakwama kwa siku kadhaa pale Nước Trong, kwenye shule ya vifaru ya adui, ambako walimu na wanafunzi wa shule hiyo walipigana kama simba. Upande mwingine Divisheni ya 325 ikashuka hadi Nhơn Trạch, na mizinga ya milimita 130, inayotupa kombora kilomita 27, ikaanza kupiga uwanja wa ndege wa Tân Sơn Nhứt.

Asubuhi ya tarehe 30 Aprili, Nguyễn Hữu An akaachia kundi la kuchoma ndani: vifaru vya Brigedi ya 203 pamoja na askari wa Rejimenti ya 66. Niliwaambia itarudi! Safari hii kifaru hakiendi peke yake kama An Lộc. Kwenye daraja la Saigon walipigana vibaya. Kamanda wa batalioni ya mbele ya vifaru, Ngô Văn Nhỡ, akauawa hapo, saa chache kabla ya vita kwisha. Wakavuka. Wakavuka na daraja la Thị Nghè.

Sasa tazameni. Jeshi limetembea kilomita 900, limefika katikati ya jiji, na vijana wa mbele hawajui ikulu iko wapi! Wengi wao ni watoto wa mashamba ya mpunga kaskazini. Walichokariri ni hesabu: ukivuka Thị Nghè, hesabu njia panda saba, kata kushoto. Hebu mwambie mtu ahesabu njia panda saba huku anapigwa risasi.

Kifaru namba 843 cha Bùi Quang Thận kilifika kwanza, kikagonga lango dogo la pembeni, kikakwama hapo. Nyuma yake kikaja namba 390 cha Vũ Đăng Toàn, dereva Nguyễn Văn Tập, kikaenda moja kwa moja, kikaangusha lango kuu. Thận akaruka chini na bendera mkononi, akakimbia kupanda ngazi za ikulu, akakimbia ndani, na pu! Akajigonga na kuanguka. Ameligonga nini? Mlango wa kioo. Hakuwahi kuona mlango mzima wa kioo maishani mwake. Akainuka. Wenyeji wakamwonyesha lifti ya kumpandisha juu, akaitilia shaka: sanduku la chuma, unaingia, linafungwa? Alidhani wanataka kumfungia humo. Mwisho akapanda. Akashusha bendera ya Saigon, akapandisha yake, na kwenye pembe ya ile aliyoishusha akaandika saa kwa kalamu: 11:30, tarehe 30/4, na jina lake, Thận.

Miaka karibu 20 watu wengi waliamini kwamba kifaru 843 ndicho kilichovunja lango kuu. Lakini siku ile mwandishi wa picha wa Kifaransa, Françoise Demulder, alikuwa amesimama ndani ya uwanja wa ikulu, akapiga picha. Picha zake zilipofika Vietnam mwaka 1995, namba iliyosomeka langoni ni 390. Wafanyakazi wa kifaru kile walikuwa wameshatawanyika makwao; mmoja wao alikuwa kinyozi. Mwaka 2012 vifaru vyote viwili vikatangazwa hazina ya taifa. Na hiki nakisema kwa wale waliovaa gwanda: 390 ni Type 59 ya Kichina, aina ileile JWTZ ilikwenda nayo Uganda.

Na kamisaa je? Mle ndani alikuwamo Rais wa Kusini, Dương Văn Minh, aliyekuwa madarakani kwa siku mbili tatu tu. Akapelekwa kituo cha redio asome tamko la kujisalimisha. Nani aandike tamko? Bùi Văn Tùng, kamisaa wa Brigedi ya 203, alikuwapo. Phạm Xuân Thệ, naibu kamanda wa Rejimenti ya 66, alikuwapo pia. Wenyewe wamebishana kwa miaka mingi nani hasa alishika kalamu, na mimi sitaingia katikati ya maafisa wawili. Linalonifurahisha ni jingine: sauti ilirekodiwa kwa kinasa sauti cha mwandishi wa Kijerumani, Börries Gallasch, aliyekuwa pale. Jeshi lina vifaru, lina mizinga ya kilomita 27, halina kaseti. Wakaazima.

Baada ya hapo? Kikosi hakikupumzika sana. Mwishoni mwa 1978 kilipelekwa Kambodia dhidi ya mtawala wake, Pol Pot, kikashuka upande wa pwani, na Phnom Penh ikatwaliwa tarehe 7 Januari 1979. Kumbukeni mwaka huo, wazee wangu. Januari wao wako Phnom Penh. Aprili 11 sisi tuko Kampala. Nchi mbili maskini, kila moja imevuka mpaka na kumwondoa mtawala jirani ndani ya miezi minne, na kila moja ikalipia miaka. Na sisi pia vita ile ilitulazimisha kukusanya brigedi chini ya divisheni. Wengine humu mlikuwa Divisheni ya 20 chini ya Musuguri, mnalijua jambo hili kuliko mimi. Lakini wao hawakurudi nyumbani kupokewa na ngoma. Februari China ikaingia kaskazini, na mwezi Machi Kikosi Kikuu cha Pili kikahamishwa kwa ndege, meli na treni kutoka ncha moja ya Vietnam hadi nyingine. Kikaweka makao Bắc Giang, na humo kikakaa zaidi ya miaka 40.

Kijana mmoja kaniuliza kabla hatujaanza: mbona anaona mtandaoni vikosi vya Vietnam vinavyolima kahawa na mpira? Ni kweli, kama Suma JKT yetu. Namba 15 iko mikoa ya nyanda za juu inalima, namba 18 inarusha helikopta za kibiashara, namba 12 inajenga barabara, nayo ni mrithi wa wale waliochonga njia ya Hồ Chí Minh msituni. Hao wana jina la ukubwa uleule, ila kazi yao ni nyingine. Usije ukadhani mkulima wa kahawa ana vifaru ghalani.

Na hapo kwenye namba 12 pana kichekesho. Desemba 2023 Kikosi Kikuu cha Kwanza na cha Pili viliunganishwa kuwa kimoja, makao yake Ninh Bình, kikapewa namba 12. Moja na mbili. Kwa hiyo leo kuna Namba 12 wa bunduki na Namba 12 wa kokoto, na barua bila shaka hupotea. Jina la Mto wa Manukato limewekwa kabatini. Desemba 2024 cha Tatu na cha Nne navyo vikaunganishwa, makao Pleiku. Vikapewa namba gani? Semeni kwa sauti, vijana.

Thelathini na nne! Mzee mmoja Mvietnam angewaambia ni kwa heshima ya wale 34 wa msituni. Mimi naona ni tatu na nne tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na chai naisikia harufu yake. Wenye maswali, kipaza sauti kiko kwa yule binti.